Medali ya Ziwa na Karatasi Yake

Juzi, katika soko la Mwene-Ditu, huku Kasai ninakoishi, mama mmoja alifungua gunia la ndagala mbele yangu, na mimi mtu mzima, muuguzi ninayeheshimika, nikaanza kulia sokoni mchana kweupe. Ndagala, rafiki yangu, ni wale samaki wadogo wa ziwa Tanganyika wanaokaushwa juani mpaka wanakuwa vijiti. Yule mama akadhani vumbi limeniingia machoni, akanipa ncha ya kitenge chake nijifute. Sikumweleza kitu. Ningeanzia wapi? Ningelazimika kumweleza Kolwezi, mji wa machimbo kule Katanga, na kambi yetu ya wafanyakazi, na bibi yangu, na medali ya vita vya majini iliyotunzwa katika nyumba ambamo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona bahari. Nakueleza wewe, kwa kuwa una subira kuliko soko.

Kolwezi ya utoto wangu ilikuwa na rangi mbili: wekundu wa vumbi, na kijani cha mawe tuliyookota kando ya reli, mawe yenye shaba ndani, ambayo tuliyachezea kama watoto wa kwingine wanavyochezea kokwa. Kambi ilikuwa ya nyumba za matofali zilizopangwa mistari, kila moja na bomba lake uani, mpapai wake, na jiko la nje. King'ora cha mgodi kilitupangia maisha. Kikilia cha kwanza, baba yangu, karani wa ghala la vipuri, alikuwa tayari anafuta viatu. Kikilia cha pili, kambi nzima ilinuka makaa ya mbabula, yale majiko ya ndoo zilizotobolewa. Mama alitoka kaskazini mwa Katanga, upande wa Kabongo, na alikuwa akisonga bukari, ugali wetu, mpaka ukang'aa. Mimi nilikuwa na kazi tatu: kufagia ua kabla jua halijawa kali, kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, na kumsikiliza Kaku. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa haiishi.

Kaku ndivyo tulivyomwita bibi mzaa baba. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na alijiona bora kuliko kila mtu kambini isipokuwa padri, na hata padri alikuwa akichunguzwa. Siku ya Ijumaa, mama alipokaanga ndagala kwa nyanya na pilipili, Kaku alikuwa akimchukua mmoja kwa mkia, anamwinua mbele ya macho yetu na kusema: "Hawa samaki banajua baba yangu." Kisha anamtafuna na kichwa chake. Tulicheka kila Ijumaa, na kila Ijumaa yeye hakucheka.

Majivuno yake yalikaa katika sanduku la bati chini ya kitanda, ndani ya soksi ya mtoto. Ilikuwa medali ya baba yake, kisahani cha shaba iliyopiga weusi, chenye utepe uliowahi kuwa wa buluu na sasa ulikuwa na rangi ya maji ya kufulia. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mfalme wa Wazungu mwenye masharubu. Upande wa pili palikuwa na nanga, lakini nani kati yetu alijua nanga? Sisi watoto wa machimbo tuliona sululu, na kwa miaka mingi tuliamini kwamba babu yetu yule alituzwa kwa kuchimba. Ni mwalimu wa darasa la tano aliyenichorea meli ubaoni akanionyesha chuma kile kinavyoshushwa majini. Nilirudi nyumbani mbio kumwambia Kaku kwamba tulikuwa tukikosea siku zote. Akanitazama kwa huruma. "Mi nilikuwa najua," akasema. "Nilikuwa nangojea tu siku utauliza." Alikuwa anadanganya, na sote wawili tulijua.

Kila mwaka Novemba ikikaribia, medali ilitolewa ikasuguliwe. Mimi nilishika nusu ya ndimu, yeye alishika majivu, na katika kusugua ndipo hadithi ilipokuwa ikisimuliwa, ileile, bila kuruka hatua. Baba yake, akiwa kijana ambaye ndevu hazijaota vizuri, alikuja kwa miguu akifuata kazi ya reli. Reli siku hizo ziliishia Fungurume. Basi siku moja treni ikafika pale imebeba mashua mbili za Wazungu, mahali ambapo hakuna mto wa kutosha hata kuogeshea ng'ombe. Wazungu wakasema mashua hizo zinakwenda ziwa Tanganyika kupigana na Wadachi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha wale waliocheka wakapewa mashoka.

Mashua zile zilipita milimani, juu ya nchi kavu, zikivutwa kwa mashine za mvuke na maksai na kamba na mamia ya watu. Walikata miti, wakajaza mabonde magogo, wakasukuma. Mashine zile zilikunywa maji kuliko tembo, na maji yalipokwisha, wanawake wa vijijini walijipanga na mitungi kichwani kuzinywesha. Baba yake Kaku alipewa kulisha moto wa mashine moja. Akaujua moto ule, lini unataka kuni mbichi na lini unataka kavu. Walipofika mto Lualaba, na baadaye ziwani, Wazungu wakasema huyu anajua moto, asirudi. Wakamtia katika tumbo la meli, na humo ndimo alimopigania vita vyote. Hakuona maji wala adui. Alisikia mizinga juu ya kichwa, akaongeza kuni.

Wazungu walipata medali zao mapema. Yake ilikuja baada ya miaka mingi, wakati ambapo tayari alikuwa mfanyakazi wa machimbo, ana nyumba kambini, hiyohiyo tuliyokulia sisi, na binti anayetembea. Aliitwa, akapangwa mstarini, akapachikwa kisahani kifuani na kukabidhiwa karatasi. Watoto wake walipomwuliza kwao ni wapi, alijibu: "Muntu, kwao ni kule moshi yake inatokea." Kwa hiyo Kaku, aliyezaliwa kambini, aliolewa kambini na kufiwa na mume kambini, alijua kwamba yeye ni wa Kolwezi kama vile mgodi ulivyo wa Kolwezi. Kiluba cha Kasai, alichookota kwa majirani, alikijua cha kuombea chumvi tu.

Askari wazee wa mji walikuwa na desturi yao ya Novemba. Baada ya misa walijipanga mbele ya kanisa, mmoja akasoma majina yote, ya wazima na ya marehemu. Likitajwa jina la marehemu, mtu wa damu yake alitoka mbele akasimama mahali pake. Kaka zake Kaku walipokwisha kufa, jina la babu likaitwa na, kabla baba yangu hajasogea, Kaku akatoka. Wazee wakaguna. Mwanamke? Akawauliza: "Ule moto yake, ku nyumba nani alikuwa nauwasha? Apana mi?" Wakasogea, akasimama. Tangu hapo aliandamana nao kila mwaka, wa mwisho mstarini, medali imebanwa kwenye kitenge, ndara za plastiki zikipiga lami. Mimi nilimfuata kando nikiona haya na kujivuna kwa wakati mmoja.

Karatasi nayo ilikaa katika sanduku lilelile, imekunjwa mara nne, na mikunjo imekuwa kahawia. Kaku hakujua kusoma, na hakutaka ifunguliwe isije ikachanika. Alijua tu kwamba ni ya serikali, na kwamba inasema baba yake ni nani. Baba yangu, aliyebeba jina la babu huyo, aliwahi kuisoma ujanani mwake. Mimi sikuwahi.

Kisha maisha yakaanza kuharibika, kwanza polepole, halafu kwa fujo. Mgodi mmoja mkubwa uliporomoka. Kampuni ikaacha kutugawia unga na samaki. Mshahara wa baba ukawa hadithi ya mwezi ujao. Asubuhi nyingine king'ora hakikulia kabisa, na kambi nzima ikachelewa kuamka. Njaa ikimtafuta wa kulaumiwa haimkosi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wakubwa walisimama kwenye viwanja wakasema kwamba kazi imeliwa na watu wa Kasai, wale ambao babu zao waliletwa kuchimba. Wakawaita bilulu, jina la wadudu wanaoharibu mazao. Jumatatu moja mwalimu wetu wa darasa la tano, yule wa meli ubaoni, hakuja. Kiti chake kilikaa wazi wiki nzima, kisha mtu akakichukua.

Vijana walipita mtaa kwa mtaa na orodha na chokaa. Nyumba iliyotiwa msalaba mlangoni ilipewa siku chache ihame, iende ikangoje treni ya kwenda Kasai stesheni. Yetu waliiruka. Jina la baba ni moja ya majina ya Kiluba yaliyo pande zote mbili, Kasai na kaskazini mwa Katanga, na ukilisoma kwenye orodha huwezi kujua ni la wapi. Tena mama ni wa Kabongo. Na mama jirani wa nyumba ya pili, aliyeshirikiana na mama yangu kinu na mchi, alikuwa akiwaambia vijana kila walipofika: "Hapa muache. Hawa ni bantu ya kwetu." Wakaacha.

Jioni moja nilimsikia baba akimsihi Kaku chumbani. "Mama, ile karatasi uichome." Kaku akamjibu: "Uchome kwanza mi." Sikuelewa karatasi ya sifa ina ubaya gani. Nililala nikiwaza kwamba labda wezi wanaitaka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, kabla ya chakula cha mchana. Walikuja kwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mzee wa Kasai aliyeshona sare za shule za kambi nzima. Walimtolea cherehani nje, wakamwambia na yeye aifuate. Yule mzee hakubishana. Alikuwa akiokota vifungo vilivyomwagika mchangani, kimoja kimoja, akivipuliza.

Kaku alikuwa mlangoni petu akitazama. Mama akamshika mkono. "Mama, ingia mu nyumba."

"Niingie juu ya nani?" Kaku akasema. Kweli akaingia, lakini kwa ajili ya sanduku. Alitoka na medali kifuani na karatasi mkononi, akavuka mpaka katikati ya barabara.

"Munasema huyu fundi hana kitu mu hii inchi," akawaambia. "Na mi je? Angalieni! Baba yangu alivuta mashua kutoka Fungurume mupaka ku mayi. Alipigana vita ya ziwa. Wababa yenu balivuta nini?"

Mkuu wao alikuwa kijana wa shati jeupe, mpole, aina ya kijana ambaye mama yeyote angependa aoe kwake. Akauliza bila ukali: "Baba yako alikuwa muntu wa wapi, mama?"

"Wa hapa! Serikali njo iliandika. Iko mu karatasi."

Akanyoosha mkono apewe. Kaku akaivuta nyuma. "Mikono yako iko na chokaa. Mujukuu wangu atasoma."

Hapa nitakuomba, rafiki yangu, unisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili sijalieleza sawasawa kwa mtu aliye hai. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilisoma Kifaransa kuliko watoto wote wa kambi. Mwalimu alikuwa akisema kwamba anayekata sentensi ya mtu ni mwizi wa maneno, na alikuwa akinisimamisha nisome mbele ya darasa ili wengine waone aibu. Nikaifungua karatasi. Nikasoma cheo, nikasoma jina zima la babu, nikasoma kwamba anatuzwa kwa utumishi wake katika vikosi vya majini vya ziwa Tanganyika. Watu walitoka majumbani. Yule fundi aliacha vifungo. Kaku alirefuka mbele ya macho yangu, na vijana wawili nyuma waliinamisha vichwa kama watu waliokaripiwa.

Palibaki mstari mmoja. Jicho hutangulia ulimi, kila msomaji anajua. Niliuona mstari ule kabla sijaufikia: mzaliwa wa kijiji fulani, wilaya ya Lusambo. Lusambo niliijua, tulikuwa tumeichora kwenye ramani ya Kasai. Nikainua macho. Mama alikuwa mlangoni, mikono yake ina unga, na akatikisa kichwa, mara moja. Nilimwona. Wengine watasema nilikuwa mtoto, sikuelewa. Sikuelewa yote, lakini nilielewa kwamba ananiambia ninyamaze. Ila barabara nzima ilikuwa ikinisikiliza, na sijawahi kusikilizwa vile kabla wala baada.

Nikasoma, kwa sauti ya shuleni, mpaka nukta.

"Rudilia pale pa mwisho," akasema kijana wa shati jeupe. Nikarudia.

"Lusambo," akasema taratibu. "Aksanti, mama. Sasa tunajua." Akavuka barabara akachora msalaba mlangoni petu, akipita kando ya mama kwa adabu. Mama jirani akajishika kichwa. "Mama, mama, mbona ulitoka?" Kaku hakumsikia. Alisimama palepale barabarani, midomo ikicheza, analirudia jina la kijiji kile alichokisikia kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sabini.

Baba aliporudi kutoka kazini aliutazama mlango kwa muda. Akaenda kwenye bomba, akaosha mikono na uso. Kisha akauliza, "Nani alisoma?"

Mama akajibu kabla sijafungua mdomo. "Maneno ilishaisha. Tufunge bintu."

Kaka zake mama, waliohamia mjini kama yeye, walikuja siku iliyofuata kumchukua. Walimwambia yeye ni wao, abaki, na watoto pia wabaki, mume na mama mkwe waende kwao. Mama aliwapa chakula, akawasubiri washibe. Kisha akasema: "Mi niliolewa na muntu, sikuolewa na karatasi." Kaka zake waliondoka wakilia, wanaume wazima, na hakuwaona tena maisha yake yote. Waswahili husema majuto ni mjukuu. Nyumbani kwetu mjukuu alikuwa mimi.

Stesheni tulikaa wiki nyingi. Watu walijaa kwenye mabehewa mabovu, chini ya maturubai, katika ukumbi wa tiketi, hata baina ya reli. Kila familia iliwasha mbabula yake mahali ilipolala, na ule moshi wa maelfu ulikaa juu yetu mchana kutwa. Treni moja ikija, inawachukua waliotangulia na kutuacha sisi. Surua iliingia kwa watoto, kuhara kukaingia kwa wazee. Yule fundi cherehani alizika mke wake, na keshoye alikuwa akishonea wengine sanda kwa mkono, kwa sababu cherehani ilibaki kambini. Nilijifunza uuguzi pale, kama kumpa mtu maji kwa kijiko ni uuguzi.

Kaku alipoanza kuhara nilijua hatapona. Alikwisha kuwa mwepesi, nilimgeuza peke yangu. Asubuhi moja, baba alipokwenda kutafuta maji, nilimwambia. Nilimwambia kwamba mama alinikataza kwa kichwa na mimi nikasoma.

"Ulisoma muzuri," akasema. "Mi njo nilikutuma." Kisha akafunga macho, na sauti ile kubwa ikawa ya mtu mwingine: "Kumbe baba alikuwa na kwao. Akaninyima. Myaka yote mi niko najua niko wa hapa, kumbe niko mugeni."

Nilitaka kumwambia si kweli. Nilitaka kumwambia kwamba aliyezaliwa mahali, akazaa mahali, hawi mgeni wa mahali hapo kwa mstari mmoja wa karatasi. Leo ningejua maneno. Siku ile nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilichojua ni kusoma. Akaniomba nimsomee tena jina la kijiji, na nikamsomea, siku hiyo na nyingine tatu, naye akilifuata kwa midomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku ya tano hakuniomba.

Tulimzika ng'ambo ya reli, mahali ambapo wengine walikuwa wamezikwa kwa haraka. Baba aliibana medali upande wa ndani wa kitenge chake ili asije mtu akamfukua. Mama jirani alikuja kutoka kambini, kwa miguu, na sahani ya bukari iliyofunikwa. Aliogopa kuonekana, lakini alikuja. Alilia kwa sauti, kwa desturi yao, mpaka askari mmoja akamwambia anyamaze, na hakunyamaza.

Kasai walitucheka. Tulishuka kwenye mabehewa tukiongea Kiswahili, tukitamani sombe yenye mafuta ya mawese kama ya kambini, na watoto wa huko wakatuita Bakatanga. Yaani kule tulikuwa wadudu wa Kasai, na huku tulikuwa watu wa Katanga. Mwaka uliofuata, baba alipopata paa la kutulaza, alinichukua tukakitafute kile kijiji. Tulikwenda kwa lori, kisha kwa baiskeli ya kukodi, kisha kwa miguu. Tukakipata. Tuliketishwa vizuri, tukaletewa maji, na baba akalitaja jina la babu kwa wazee. Wakatazamana. Wakaulizana ukoo, wakahesabu mababu kwa vidole. Mwisho bibi mmoja mzee sana akasema kwa upole kwamba wengi waliondoka kufuata reli, na walioondoka hawakuwekewa alama. Hakuna aliyemjua. Hakuna hata aliyejua kwamba kulikuwa na vita ziwani. Njiani baba alikaa chini kando ya njia, kofia mapajani. "Turudi," akasema hatimaye. Nikamwuliza turudi wapi, naye akavaa kofia yake.

Baba amekwisha kufa, na mama pia. Baba hakuniuliza tena nani alisoma. Nadhani alijua, maana kambini palikuwa na sauti moja tu ya kitoto iliyoweza Kifaransa kile. Mama naye hakunikumbusha hata kwa jicho, hata siku nilizomkosea, na ukarimu huo umenielemea kuliko fimbo.

Mwaka juzi kazi ilinipeleka Kolwezi, mafunzo ya wauguzi ya siku tatu. Siku ya mwisho nilikwenda kambini. Usinicheke, nilivaa vizuri kama ninayekwenda kuposwa. Mji umegeuzwa ndani nje. Katika mtaa wa Kasulo watu wamechimba chini ya vyumba vyao vya kulala wakitafuta kobalti, na maturubai ya rangi ya chungwa yamefunika mashimo mahali palipokuwa jikoni. Kambi yetu imesimama, lakini mabomba yamekauka, mipapai haipo, na hakuna kinacholia asubuhi kuwaamsha watu. Mama jirani amekufa zamani. Nyumba ya fundi cherehani ni duka la magunia. Nilimtafuta yeyote anayekumbuka Novemba, wale wazee mbele ya kanisa na majina yao yakisomwa, na hakuna aliyejua ninazungumzia nini. Hapakuwa na mahali palipobaki ambapo jina la babu lingeweza kuitwa tena, si Kolwezi wala kule kijijini. Lilikuwa limebaki kwangu tu.

Kwenye baraza ya nyumba yetu walikaa vijana wanne na mama yao, wakichambua mboga. Nikawasalimia. Kiswahili changu cha kambi kiliwafurahisha, wakasimama.

"Ee, mama! Uko nasema sawa sisi," akasema yule mama. "Uko wa wapi?"

Waliuliza kwa wema. Hakuna aliyekuwa na orodha mkononi. Karatasi ilikuwa kwenye mkoba wangu, ninatembea nayo siku zote. Mlango ulikuwa nyuma yao, hatua tatu. Ningeweza kusema: nyumba hii alipewa babu yangu, aliyelisha moto wa meli katika vita vya ziwa, mzaliwa wa Lusambo. Nilikuwa na umri wa kutosha na sauti ya kutosha.

"Mama yangu ni wa Kabongo," nikasema.

"Ah, basi uko wa kwetu!" Wakacheka, wakanipa kiti, wakaniletea maji ya kunywa. Nikakaa barazani pa babu, nikanywa maji yao, nikashukuru. Babu yule alikwisha kukosa kwao Kasai. Siku hiyo, mbele ya mlango wake mwenyewe, mimi niliye damu yake nikamnyima na Kolwezi.